"May have to" na Mguu Wangu wa Kushoto

Daktari aliongea Kiswahili kizuri mpaka akafika mahali penyewe. Aliniuliza kwetu ni wapi, nimekula nini asubuhi, sindano za sukari najichoma mwenyewe ama nachomwa. Akanitania kwamba meno yangu ni mazuri kuliko yake. Halafu akafungua bandeji, akabonyeza mguu wa kushoto karibu na kidole kidogo, akainama akanusa. Alifikiri sikumwona akinusa. Akafunika kidonda polepole, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni ambaye hajafika. Kiti chake kilikuwa cha magurudumu. Akakigeuza, magoti yake yakaniacha mimi yakaelekea kwa mwanangu, na hapo ndipo Kiingereza kilipoanza.

Hiyo ilikuwa Kajiado. Mimi shule niliachia darasa la tatu, na Kiingereza changu ni cha kuokota. Mengi aliyosema yalinipita. Lakini maneno matatu yalikuwa yanarudi, yakiwa yameshikana vile vile kila mara: may have to. Aliyasema, mwanangu akameza mate. Akayasema tena, mwanangu akaangalia viatu vyake. Mara ya tatu aliyasema kwa sauti ya chini kabisa, na mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, akanishika bega bila kuniangalia.

Nikajua ni mimi ninayesemwa.

Katika familia yetu mambo mazito husemwa kwa Kiingereza. Ilianza wakati baba yao anaumwa. Watoto wangu walikuwa wanasimama upande huu na ule wa kitanda, wanarushiana Kiingereza juu ya blanketi, mimi niko hapo nimeshika kikombe cha uji. Wanafikiri wananikinga. Kwa hiyo mimi nilijua critical kabla ya kujua Kiingereza cha kijiko. Stable nilidhani ni neno zuri. Baba yao alikuwa stable siku nzima, na jua likizama tukamfunika uso. Tangu hapo, nikisikia watu wangu wamebadilisha lugha nikiwa karibu, natafuta mahali pa kukaa kabla ya kichwa kuelewa.

Majina ya watu wote ninaowaeleza hapa ninayo, na ya baba zao, na mengine ya babu zao. Sijawahi kupoteza jina la mtu. Lakini sitayatia, kwa sababu wengine wako hai na wana haya zao, na wengine wamelala na sitaki kuwaamsha kwa jambo kama hili.

Njiani kurudi Kitengela mwanangu aliendesha bila kuwasha redio. Nilimuuliza daktari amesema nini. Akasema amesema tutumie dawa, tungoje. Akawa anajishika sikio. Huyo tangu mdogo akidanganya hushika sikio, la kulia. Sikumuuliza tena. Niliangalia tu nje, zile nyasi kavu, ng'ombe wa watu wamesimama kwenye upepo, malori ya simiti yanatupita, na chini kwenye gari mguu wangu uko hapo, haunisumbui na chochote. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Mguu ungekuwa unauma ningeutukana.

Sukari iliulaza zamani. Naweza kukanyaga kaa la moto nisijue. Plot yetu iko ndani kutoka kwa lami, upande ambao bado kuna miti ya miiba na mbuzi za jirani zinapita. Uzio wa kuku tuliuziba kwa matawi ya mgunga. Siku moja nilienda kutoa mayai nikiwa na malapa, nikarudi ndani, nikaona damu kwenye sakafu, nikaita kwa sauti nikiuliza ni nani ameumia. Nikafuata damu na macho mpaka ikanifikia. Mwiba ulikuwa umepita kwa malapa ukaingia ndani ya nyama, na mimi nimetembea nao nikiimba.

Aliyegundua kwamba kidonda kimeharibika ni mke wa mwanangu. Huyu ni mtu wa Central, si wa kwetu magharibi. Sasa anauza mapazia hapa mjini, zamani alifundisha watoto wa nasari. Pua yake ni kali. Aliingia chumbani kwangu kuchukua blanketi, akasimama, akasema, "Mama, kuna kitu hapa kimekufa." Tukatafuta panya chini ya kitanda, sisi wawili tumepiga magoti. Hatukupata panya.

Basi jioni ile tuliyotoka Kajiado, mwanangu alitoka nje kwenda kupiga simu kwa dada yake anayekaa Gataka, kule Rongai. Nilimwona dirishani anazunguka tangi la maji. Mke wake alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ameshika mguu, anausafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali.

"May have to ni nini?" nikamuuliza.

Mkono wake ukasimama. "Umetoa wapi hiyo, Mama?"

"Kwa daktari. Alimpa bwanako mara tatu."

Akasema ni Kiingereza tu. Nikamwambia alifundisha watoto wa miaka mitatu, na hakuna hata mmoja alimwambia ni Kiingereza tu. Akacheka kidogo kwa pua. Akarudisha mkono kwa kidonda, akaanza vile walimu wa nasari huanza, kwa kunitilia neno ndani ya sentensi nilione likitembea.

"If it rains, we may have to leave the car at the stage. Mvua ikinyesha, huenda ikabidi tuache gari huko stage."

"Na iliachwa?"

"Si unajua huu udongo mweusi wetu. Saa zingine tunaiacha, tunakuja na gumboots. Saa zingine mawingu inakuja inatutisha tu, inaenda Isinya, na gari inaingia mpaka mlangoni."

"Toa ingine."

Akafikiri. "That cock is attacking visitors. We may have to slaughter it."

"Yule jogoo tulimchinja."

"Tulimchinja," akakubali. "Huo si mfano mzuri."

"Ingine."

"Yule mtoto wa jirani. He may have to repeat the class. Na hakurudia, Mama, alivuka na wenzake, na juzi amekuja kutuonyesha ripoti."

Nje mwanangu alikuwa amesimama, ameegemea tangi, kipaji cha uso kwenye mkono. Nikamwambia mke wake, "Sasa weka mguu."

Alifunga gozi kwanza. Akaifunga vizuri, akakata plasta kwa meno. Akabaki hapo chini, kiganja chake juu ya ugoko wangu, na akasema bila kuinua uso, "The doctor said, we may have to take the leg." Halafu Kiswahili kikamtoka haraka. "Chini ya goti. Lakini hajasema we will, Mama. Nisikie. Amesema dawa kwanza, halafu turudi Alhamisi aone. Hajasema we will."

Unajua nilimuuliza nini? Sikuuliza kama nitakufa, wala nitatembeaje. Nilimuuliza, "Wauchukue, waupeleke wapi?"

Hakuelewa. Kwao si kama kwetu. Kwetu magharibi, kitu cha mwili wa mtu hakiachwi ugenini. Mguu ukitoka, unarudi nyumbani, unazikwa mahali ambapo mwenyewe atakuja kulala, ili siku hiyo akutane nao. Mimi mahali pangu panajulikana. Ni kushoto kwa mume wangu, kando ya migomba. Na nilikuwa nimeona jambo hili kwa macho. Kulikuwa na mzee jirani yetu, muuza mafuta ya taa. Jina lake ninalo, la baba yake, hata la punda wake. Alikatwa mguu, ukaletwa, ukazikwa. Kila jioni alikuwa anatoka na mkongojo na kiti kidogo, anakaa hapo penye mguu wake, anavuta kiko. Tukimuuliza anafanya nini anasema anamtembelea mtu. Mwaka haukuisha, akaenda kulala hapo hapo. Watu walisema mguu ulikuwa unamwita. Mimi nilicheka wakati huo. Nilikuwa na miguu miwili inayosikia moto na baridi.

Kutoka siku hiyo nikawa nasikia yale maneno kila mahali, kana kwamba yamehamia kwetu. Mke wa mwanangu kwa simu na mteja: we may have to close early. Kanisani, mchungaji akitangaza mambo ya ibada ya pili: we may have to. Nilishika ukingo wa benchi. Walikuwa wanazungumzia viti. Mama jirani akalalamika juu ya maji ya kisima, na yeye akayatia, na mimi nikaangalia chini kuona kama mguu umesikia. Kila aliyeyasema nilitaka kumuuliza mwisho wake ulikuwaje. Viti vilihamishwa? Kisima kilifungwa? Nikawa kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hauzi wala hanunui. Wakanijibu kwa upole, vile watu hujibu mgonjwa.

Mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa alifika mlangoni kama kawaida. "Sopa, koko," akanisalimu kwa Kimaasai, akiniita nyanya, nikamjibu, "Ipa." Kila siku mimi husimama kumpokelea maziwa. Siku hiyo nilinyoosha mkono na sufuria nikiwa nimekaa. Akaangalia mguu, akaangalia uso wangu, akamimina maziwa yangu, halafu akaongeza kidogo ambacho sikuomba. Alipoondoka nililia, kwa sababu ya kile kidogo cha juu.

Sasa nieleze vile habari ilivyosafiri. Mwanangu alimwambia dada yake maneno ya daktari kama yalivyo, hilo naamini, kwa sababu huyo ni mtu wa ofisi na anaheshimu maneno. Dada yake wa Gataka akiwa analia akaandika kwa lile kundi la familia kwenye simu. Huko nyumbani kuna watu wawili watatu wenye simu nzuri, wanasomea wengine kwa lugha yetu. Mahali pale penye "huenda" palipotelea wapi sijui. Sidhani kuna mtu aliyepafuta makusudi. Nafikiri kila mmoja alipokuwa anampa mwenzake aliogopa, na mtu mwenye hofu hawezi kubeba "huenda" mbali. Anaona heri aseme limeshakuwa, ajue la kufanya. Lilipofika nyumbani, mguu ulikuwa umeshakatwa.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa nachambua mchele. Alikuwa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye na mimi kwa lugha yetu huitana mulamwa, na tangu niolewe tunataniana mpaka watu wanatuhurumia. Siku hiyo hakunitania. Sauti yake ilikuwa ya mazishi.

"Mulamwa, pole sana. Mungu amekuachia mmoja."

Nikamshukuru bila kujua ninashukuru nini.

"Sisi huku tuko tayari," akasema. "Tumeshachimba. Mlete tu."

"Mmechimba nini?"

"Kaburi la mguu."

"Mguu gani, mulamwa? Huu nimekanyaga nao chini hapa?"

Nikasikia jogoo wao akiwika huko. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayerudi nyuma bila kugeuka, "Kwani haujatoka?"

Mchele ulimwagika. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka mke wa mwanangu alinikuta na simu sikioni, imeshakatika, na mchele umeenea sakafuni, nami nimekunja miguu yote miwili juu ya kiti kama mtu aliyeona nyoka.

Nilipomweleza, alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Hawa watu wenu, Mama," akasema. "Mguu bado inavaa soksi, imeshapata kaburi. Na itaimbiwa wimbo gani?" Mimi pia nikacheka. Nikamwambia labda pambio, kwa sababu ni mguu mmoja, haujafikisha wimbo mzima. Tukacheka tukishikana. Halafu nikamweleza kitu kimoja zaidi, na yeye akaacha kucheka.

Nilimweleza kwamba kwetu shimo likishachimbwa kwa ajili ya mtu, halirudishiwi udongo likiwa tupu. Haifanyiki. Mtu akipotelea mbali mwili usionekane, tunakata shina la mgomba, tunalizika mahali pake, ili shimo lipate kitu. Shimo ambalo halikupewa kitu linabaki linangoja. Na hili halikuchimbwa kwa ajili ya mtu aliyepotea. Lilichimbwa kwa ajili yangu, jina langu likitajwa, na mimi niko Kitengela nachambua mchele.

Jioni mwanangu alimpigia shemeji simu akaweka sauti nje, sote tukasikia.

"Baba mdogo, hiyo kitu ifunikwe leo."

"Nifunike na nini?"

"Na udongo. Si udongo iko hapo?"

"Udongo peke yake," shemeji akasema. "Juu ya mamako."

Mwanangu ni mzee wa kanisa. Ana cheti cha chuo kimetundikwa ukutani pale pale juu ya kichwa chake. Nilingoja amjibu. Alijishika sikio, na safari hii hakuwa anadanganya mtu.

Nikasema waweke mgomba, basi, yaishe. Shemeji akasema amefikiria hilo. Lakini wakiweka mgomba leo, na Alhamisi daktari akate, itabidi wachimbe shimo lingine, na mimi nitakuwa na mashimo mawili nikiwa hai, na hilo hajawahi kulisikia popote. Ni afadhali hilo moja lingoje lijue linapewa nini. Nilimsikia na nikaona ana haki, na hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu kumbe hata yeye, na jembe lake, alikuwa amefungwa na lile neno la daktari. Shimo lenyewe lilikuwa linaishi kwa may have to.

Akalifunika na mabati, ndama asije akatumbukia, akaweka jiwe juu. Na kila jioni akawa ananipigia. Yeye anauliza, "Kidonda kinaendaje?" Mimi namjibu, halafu nauliza, "Na shimo?" Siku moja akasema mvua imenyesha, maji yameingia, ameyateka na kopo. Siku ingine akasema kuna chura. Nikamuuliza alipimaje urefu. Akasema alilala kwenye nyasi, akanyoosha mguu wake mwenyewe, mtoto wake akaweka alama. Huyo ni mtu mrefu. Nikamwambia, "Mulamwa, umenichimbia shimo la mguu wa mwanamume." Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema kama mguu wangu utapungua, watanijazia.

Mwanangu akawa anarudi kazini mapema, anakaa karibu nami, anaangalia taarifa bila kuiona. Mke wake alisafisha mguu asubuhi na jioni, na kila akifungua gozi mimi niliangalia uso wake, sikuangalia kidonda. Nilijifunza kusoma uso ule kuliko nilivyowahi kusoma kitabu. Siku zingine nyusi zilitulia. Siku ingine midomo ilikaza, na siku hiyo sikula.

Nilikuwa naogopa nini? Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na majina yao nayataja kila asubuhi ili yasikauke. Kufa kwenyewe nilidhani tumezoeana. Lakini hiki kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa naogopa kugawanywa. Kwamba kipande changu kitapanda gari kabla yangu, kifike nyumbani, kipokewe, watu wakilie, kilale kando ya mume wangu, na mimi nibaki huku Kitengela nikisikia kwa simu vile nimezikwa. Na kuanzia hapo kila nikiota niko nyumbani, sitajua ni ndoto ama ni mguu.

Alhamisi ikafika. Mke wa mwanangu alifunga duka tukaenda sote watatu. Nilivaa kiatu kimoja na soksi moja, na kile kiatu cha kushoto nilikibeba kwenye mkoba. Mwanangu aliniuliza cha nini. Nikamwambia ni changu.

Daktari alifungua, akabonyeza. Alikata kidogo kando ya kidonda, na kitu kikatoka, cheusi, chembamba kama ncha ya sindano ya kushonea magunia. Ilikuwa ncha ya mwiba, wakati wote huo ndani yangu. Akaiweka kwenye bakuli, ikagonga. Akabonyeza tena, juu zaidi, kifundo, ugoko. Akaandika. Halafu akashika ukingo wa meza akaanza kukigeuza kile kiti, na nikaona magoti yake yananiacha.

"Daktari," nikasema, "geuza kiti. Mguu ni wangu."

Mwanangu akaita, "Mama," kwa sauti ya kunisihi. Daktari alibaki amegeuka nusu, akaniangalia kama vile ndio nimeingia. Halafu akasukuma kwa kisigino, magurudumu yakalia, magoti yake yakaja mpaka karibu kugusa yangu.

"Nyanya," akasema, "mguu unabaki. Dawa imeushika. Lakini vidole viwili vya mwisho vimekufa, hivyo lazima vitoke."

"Lazima, ama huenda?"

"Hivyo ni lazima."

Mtu angedhani ningeogopa zaidi. Lakini nilisikia mgongo wangu ukilegea mara ya kwanza tangu siku ya kwanza. Lazima nililijua. Limekuja kwangu mara nyingi, linaingia, linafanya kazi yake, linaondoka. Nikamuuliza vidole hupelekwa wapi. Akasema hospitali huchoma. Nikamwambia vyangu vina safari. Hakushangaa hata kidogo. Akamwambia nesi atafute kichupa, akasema si mimi wa kwanza.

Mwanangu aliomba ruhusa kazini akavipeleka yeye mwenyewe, vimefungwa kwa kitambaa cheupe alichokata mke wake kutoka kwa pazia jipya. Huyo aliyecheka ndiye alichagua kitambaa, akakirudisha cha kwanza akisema kina doa. Nyumbani shemeji aliangalia vidole, akaangalia shimo la mguu wa mwanamume, akaona halitaridhika. Akakata shina la mgomba, urefu wa mguu wangu sasa, si wake, maana alinipigia nikajipima na kamba kutoka goti hadi kisigino nikamsomea mafundo. Akafunga vidole kwenye ncha ya mgomba, mahali pake. Wakauteremsha. Mwanangu alishika simu karibu ili nisikie. Nilisikia udongo ukianguka. Kwanza ulianguka juu ya kitu, mlio kama wa debe tupu. Halafu ukaanguka juu ya udongo. Nilikaa kitandani na mguu wangu uliofungwa, nimeshika goti kwa mikono miwili, na sikuachilia mpaka wakamaliza.

Hiyo imepita. Natembea na mkongojo, na kiatu cha kushoto nimetia pamba mbele. Mwezi kwa mwezi narudi Kajiado. Yule daktari sasa akiniona ninaingia anageuza kiti kabla sijakaa. Mara hii ya mwisho aliangalia ule wa kushoto akasema uko sawa, halafu akashika wa kulia, akaubonyeza mahali ambapo sikusikia kitu, akakaa hapo na kidole chake muda. Akasema kwa Kiswahili, akiniangalia, kwamba huo mwingine tutauchunga. Nikamuuliza kama ndani ya hilo kuna may have to. Akasema leo hapana.

Leo. Nililibeba hilo neno mpaka Kitengela. Kabla sijavua kitambaa cha kichwa, kabla sijamwambia mwanangu wala mke wake, nilimpigia shemeji. Nikamwambia chochote atakachosikia, kutoka kwa nani, kwa lugha gani, asishike jembe. Asiguse jembe mpaka asikie sauti yangu mwenyewe ikimwambia achimbe.

Akafikiri. Nikasikia kuku zao, na mtu akipasua kuni.

"Na kama ni sauti ndiyo haipo, mulamwa?"

Nilimuuliza nyasi imeota pale juu ya vidole vyangu ama bado. Akasema imeota, ya kijani, na ndama ameanza kuila.

"Mfukuze," nikamwambia.